Wafyekaji Wenye Njaa

Mama alijaribu kunyoosha mgongo. Mgongo ulikataa. Alikuwa akifyeka vichaka vya miiba tangu asubuhi, na kazi haikuonekana. Miiba hiyo haikupandwa na mtu. Ilikuja yenyewe, ikala nusu ya shamba. Mvua zilikuwa karibu. Bila kusafisha, wasingepanda. Bila kupanda, watoto wangekula nini?

Walikuwa na mbuzi wa kula vichaka. Lakini mbuzi walilala kivulini tu. Hata Kiherehere, jike aliyezoea kutangulia kila mahali, alikuwa mifupa mitupu.

"Baba watoto, hawa mbuzi wamechoka kuliko mimi," mama alisema.

"Usiwape kitu," mume alijibu. "Wakishiba, hawatagusa miiba. Njaa itawasukuma."

Jioni alikuja wifi, dada wa mume. Yeye huuza vyakula vya mifugo sokoni. Alimpapasa Kiherehere mgongoni, akaguna.

"Wifi, mnafuga mbuzi au mnafuga mbavu?"

"Muulize kaka yako. Mimi sina nguvu za kubishana."

Wifi alimgeukia kaka yake. "Leo ulifyeka bila kula?"

"Ningeweza wapi?"

"Basi na wao hawawezi. Majani haya ni magumu. Tumbo la mbuzi linahitaji kutiwa nguvu ndipo liyasage. Kila jioni wakirudi, mpe kila mmoja konzi moja ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa mafuta. Usizidishe, wasije wakasahau vichaka. Maji yawepo. Na hili jiwe la chumvi nililowaletea msilitundike hapa mlangoni. Lipelekeni kule kwenye miiba, watalifuata."

Mume alijikuna kichwa. "Kumbe nilikuwa nawamaliza kwa akili zangu."

"Akili zako tunazijua tangu utotoni."

Mama alicheka, ingawa kucheka kuliumiza mgongo.

Mwanzoni hawakuona mabadiliko. Mama aliendelea kufyeka, amekata tamaa. Kisha asubuhi moja Kiherehere alisimama kwa miguu ya nyuma, akavuta tawi. Wengine wakamfuata. Vichaka vikabaki vijiti, na mume na mke wakang'oa visiki.

Mvua ilikuta mbegu ziko ardhini. Mama alitundika panga, akaketi. Alikuwa amechoka sana, lakini moyo ulikuwa umetulia.

Chakula cha jioni kilipoandaliwa, mume alinawa mikono. Halafu akainuka, akachukua ndoo ya mashudu.

"Unakwenda wapi? Chakula kinapoa."

"Nisubirini kidogo," alisema. "Wafyekaji hawajala."