Ufuo wa Ghalib

Nilidanganya mbele ya maiti. Mungu anisamehe, nalitanguliza hilo.

Rafiki yangu Ghalib alifariki Januari ya mwaka themanini na nne. Tulimwosha kwenye chumba cha kufulia, chini ya jengo letu pale Laurel, Marekani. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchimba ufuo nyuma ya jengo, lile shimo la kupokea maji ya josho. Ardhi ilikuwa imeganda kama zege. Nikapiga sululu mara tatu, mikono ikaniuma. Nikarudi nikasema, "Ufuo tayari." Ndoo za maji nikazibeba mwenyewe, nikazimwaga kwenye bomba la majitaka.

Na bomba lile liliishia kwenye mtambo niliouhudumia mimi, fundi wa jengo.

Mtambo ulikuwa wa majaribio. Majitaka ya nyumba zote yalikusanyika ndani ya tangi, ukayafyonza joto lake, joto likapanda ghorofani kwa mabomba mengine. Maji hayakukutana kabisa. Joto tu ndilo lililopita.

Siku ya saba, magharibi, niliitwa kwa Mwatime, mjane wake. Hita yake ya ukutani inagonga. Yuko edani, na mimba ya miezi saba. Mama yake, Bi Sheha, akanifungulia.

"Siku ya tatu hii, hali chakula wala halali," akaninong'oneza. "Kaikumbatia hita kama mume. Mimba itamtoka, Abdulghafur!"

Chumba kizima kilinuka karafuu maiti, ile kafuri tuliyoitia kwenye maji ya josho.

Nikaigusa hita. Haikuwa na moto wa chuma. Ilikuwa vuguvugu... laini... kama kifua cha mtu.

Du... du.

Du... du.

Mwatime hakunitazama. "Shemeji," akasema polepole, "Ghalib anauliza. Mbona hukumchimbia?"

Hakuna aliyejua. Hakuna!

Nikashuka ngazi mbio hadi kwa fundi mkuu, Hodari, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni.

"Zima mtambo! Hita ya Mwatime inanuka karafuu maiti!"

"Kaka, juu kuna watoto, wataganda. Na tangi la mavi litanukaje karafuu maiti?" Akacheka.

Kisha akanusa.

Akaacha kucheka.

Nilichukua sululu, nikatoka kwenye theluji. Nilichimba mpaka viganja vikachanika. Hodari akanichotea ndoo moja kutoka kwenye tangi. Nikaimwaga shimoni, nikamwombea dua marehemu, nikafukia.

Usiku ule hita ilinyamaza. Mwatime akaomba uji. Mtoto alizaliwa salama, alhamdulillahi.

Lakini tangi lile lilibeba maji ya watu mia tatu, nami nilichota ndoo moja tu. Sijui nilimtoa Ghalib kiasi gani. Yule mtoto sasa ana miaka mitano. Kila baridi ikiingia, hulala ameubandika mgongo ukutani, palipopita bomba. Huwa anaongea na mtu.

Wewe unayenisikiliza, nakuomba jambo moja. Nikifa, nichimbie ufuo. Hata ardhi ikiganda. Usitume mtu.

Chimba mwenyewe.