Hodi Kwenye Spika za Nyuma

Hodi ilipigwa upande wa jikoni, katikati ya taarifa ya habari, na mama yake Filomena akaiitikia bila hata kugeuza shingo.

"Karibu! Pita tu ndani, tupo."

Hakuna aliyepita. Filomena akanyanyuka kuchungulia. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa komeo, na nje mvua ilikuwa ikishuka kutoka milima ya Uluguru, uani hakuna mtu.

"Ni televisheni hiyo, mama," akasema akicheka. "Spika za nyuma zimekudanganya."

Mama naye akacheka. Walikuwa hawajazizoea. Elia, kaka yake Filomena anayefanya kazi kiwanda cha sukari, alikuwa amekuja likizo na sabufa mpya na spika zake ndogo. Mbili alizitundika nyuma ya kochi, karibu na mlango wa jikoni, ili mama akitazama tamthilia asikie mvua imemzunguka pande zote. Lakini nyumba ile ya mtaani Bigwa haikutazama tamthilia kutwa. Zaidi ilikuwa habari, mpira, misa ya Jumapili na matangazo ya sabuni, na katika vipindi kama hivyo spika za nyuma hukaa kimya, kama watoto waliokatazwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa.

Filomena alilikumbuka hilo alipokwisha kujilaza. Hodi ilipopigwa, msomaji wa habari alikuwa anaeleza bei ya mbolea. Sasa nani aliyepiga hodi?

Kesho yake sauti ya mama ilikwaruza. Wakasema ni mafua. Akanywa maji ya tangawizi, akajifunga kitenge shingoni, na sauti ikazidi kupungua, ikawa nyembamba, ikawa mnong'ono, mwishowe ikakatika kabisa. Zahanati walimwangalia wakasema koo ni safi.

Katika jumuiya yao ya sala mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Akianza yeye, hata aliyechelewa njiani alijua pa kudakia. Tangu baba afariki, Filomena alipoamka na giza la moyo, sauti ile ikiimba jikoni ndiyo iliyomtoa kitandani. Sasa mama alikaa kibarazani mkono shingoni, akisogeza midomo kama samaki aliyetolewa majini. Na sebuleni, nyuma ya kochi, palianza kunuka moto uliozimwa kwa maji.

Ilikuwa mchana, jua linawaka. Mama ameketi kwenye kigoda mbele ya televisheni, anachambua maharage. Filomena anafagia. Mpira unaendelea kwa sauti ya chini.

"Filo."

Ilikuwa sauti ya mama, nzima, ya mviringo, kama zamani. Neno "abee" lilikwishafika kwenye meno ya Filomena alipoona kwamba midomo ya mama imefungwa, na kwamba mama hamtazami yeye bali anatazama nyuma ya kochi, ukutani, macho yamemtoka, na ungo wa maharage unateleza polepole kutoka magotini.

Filomena alichomoa waya wa umeme, televisheni ikazima, na taa nyekundu ya sabufa ikazima, lakini sauti haikuzima, ilianza kuimba wimbo wa jumuiya ubeti kwa ubeti, tamu, bila kupumua hata mara moja, ikatoka spika ya kushoto ikaenda ya kulia ikarudi, kama mtu anayetembea nyuma ya kochi mikono nyuma akikagua nyumba atakayohamia.

Filomena alimpigia kaka yake akinong'ona. "Kaka, sauti ya mama imo kwenye sabufa."

"Filo bwana! Hiyo ni setingi tu. Shika rimoti..." Elia akatega sikio. "Mbona namsikia mama anaimba hapo? Si ulisema haongei?"

Filomena akakata simu.

Jioni alikuja katekista Laurenti na chupa ya maji ya baraka. Aliponyunyizia ukuta, sauti ya mama ikamjibu kwa adabu zote: "Tumsifu Yesu Kristo, katekista. Mbona unanilowesha? Mimi mgeni. Nilipiga hodi nikakaribishwa. Waluguru mmeanza lini kufukuza wageni?"

Mzee akaifunga chupa. Akamvuta Filomena hadi nje.

"Mama yako alisema karibu," akanong'ona. "Aliyesema karibu hawezi kusema toka, na sisi sote Waluguru ni wenyeji wake. Hapa anatakiwa mtu asiye na haya kwenu. Tafuta mtani."

Mtani alikuwa nyumba ya pili: Mwanahawa, muuza vitumbua, Mzigua, na Wazigua ni watani wa Waluguru. Kwenye msiba wa baba ndiye aliyelala kwenye jeneza tupu akidai apewe pilau kwanza ndipo atoke, na hakuna aliyekasirika, kwa kuwa mtani hakasirikiwi.

"Shikamoo, bi Mwanahawa."

"Marahaba, mtoto wa watu wanaolima wamejifunga kamba kwenye mti wasiporomoke na jembe lao. Nini tena?" Alipouona uso wa Filomena akaacha kucheka. Akasikiliza yote, akajifunga kanga kiunoni.

"Nitambeba," akasema chini chini. "Mtani akichukua kitu hadaiwi. Lakini sikia, Filo. Njiani ataita kwa sauti ya mama yako. Wewe ndiye mwana wa nyumba, ukiitikia umemkaribisha upya. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Waliingia. Mama alikuwa kwenye kona, rozari mkononi. Mwanahawa akasimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"We jini gani usiye na aibu? Wenzako wana mapango, wana mibuyu, wewe umepanga chumba kwenye kasha la plastiki kama dagaa kwenye kopo! Umeiba sauti ya Mluguru, ulikosa za maana? Toka hapa, kinywa cha kuazima!"

"Huyu nani?" sauti ikauliza, na kwa mara ya kwanza ilitikisika. "Mwenyeji wangu yuko wapi?"

"Mwenyeji wako kalala. Mimi mtani!" Akaziong'oa spika zote mbili, misumari ikaruka, akazibana kwapani, akatoka nazo nyaya zikiburuta matopeni.

Walishuka njia ya kijitoni, Mwanahawa mbele akitukana bila kituo, Filomena nyuma amejaza kanga mdomoni. Ukungu ulikuwa umeteremka mlimani ukameza migomba, na ndani ya ukungu ule, kutoka kwapani mwa mwanamke mwingine, mama yake alikuwa analia.

"Filo, ananipeleka wapi huyu?"

Filomena akauma kanga.

"Filo, kuna baridi. Nishike mkono."

Akauma mpaka fizi zikauma, akijiambia kwamba mama yuko nyumbani, mama yuko kwenye kona na rozari yake, na miguu yake ikamjibu kwamba mama yuko hapa hapa, hatua chache mbele, anapelekwa kuzamishwa na bintiye anafuata nyuma kama mtu anayesindikiza mbuzi machinjioni, na maji ya kijito yalikwishaanza kusikika chini pale sauti iliposhuka ikawa ya chini, ya uchungu, ile ile ya siku ya maziko.

"Mwanangu. Hata wewe huniitikii?"

"Abee, mama."

Lilimtoka kabla hajalijua. Mwanahawa aligeuka, uso umesawijika, na kwa mara ya kwanza hakuwa na tusi. Kisha akazitupa spika majini kwa nguvu zake zote. Zikazama. Kilio kikakatika.

"Hukusema kitu," Mwanahawa akasema haraka. "Sikusikia kitu. Twende."

Walirudi nyumbani. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na Filomena alipomwona amesimama wima, macho mang'avu, alianza kukimbia. Mama akafungua mikono. Midomo yake ikatamka jina la binti yake, taratibu, ikafumba, ikatabasamu.

Filomena hakusikia kitu. Akasimama uani.

Ndipo sauti ikaja. Ilikuwa ya mama, nzima, ya mviringo, lakini ilimfikia kwa nyuma, imechelewa, imelowa, kama mtu anayepandisha kutoka kijitoni kwa miguu.

"Filo."

Mama, mlangoni, alikuwa bado anatabasamu, akingoja aitikiwe.