Kufuli la Nyumba ya Mwisho

Faraji wa Tanga, tunayekaa naye chumba kimoja Muaither, pembeni ya Doha, si mtu wa kuapa ovyo, lakini hili aliliapia.

Amepangiwa kulinda kijiji cha kale kaskazini mwa Doha, nyumba za mawe na udongo zilizohamwa na wenyewe zamani. Jioni ile alishafunga nyumba ya mwisho kwa kufuli lake, lile alilolitia kitambaa cha kanga ya mkewe lisipotee. Akalivuta mara mbili, kama kawaida yake, akaenda kungoja basi la kampuni. Simu ikalia. Jeremiah, msimamizi wao Mkenya, alikuwa ofisini akitazama kamera za ulinzi.

“Faraji, hiyo mlango iko wazi tena. Unataka mudiri anifute kazi?”

“Nimeufunga, kaka.”

“Basi rudi uifunge.”

Akarudi akisonya, akaufunga, akavuta mara mbili. Hajafika barabarani, simu ikalia tena, mlango uleule, na basi hilo likampita. Sasa alirudi akitukana kimoyomoyo, jua limeshazama, viatu vimejaa mchanga.

Mlango aliukuta umefungwa, ila kufuli halipo. Akausukuma kwa bega, haukwenda. Akawasha tochi ya simu, akachungulia kwenye ufa wa mbao. Ndani giza tupu, na katika giza lile, kitambaa cha kanga. Kufuli lake lilikuwa limefungwa kwa ndani, na ufunguo anao mfukoni.

Akiwa bado anachungulia, kufuli likavutwa. Likatulia. Likavutwa tena.