Trekta Lililokataa Kuinua

Watu walimwita Mzee Gia. Ujana wake wote aliendesha matrekta ya wengine, na uzeeni akapata la kwake, kuukuu, jekundu lililopauka, linaloanza kazi kwa kikohozi. Kila asubuhi alilizunguka kabla ya kunywa chai. Alipapasa magurudumu. Alipapasa boliti moja moja. Bintiye alimtania kutoka jikoni.

"Baba, ukimaliza kulisalimia hilo, na mimi nipo."

Alidhani ni mapenzi tu. Mapenzi yalikuwepo, lakini Mzee Gia alipapasa kwa sababu macho yalikuwa yanamtupa mkono. La kushoto lilijaa ukungu. La kulia lilianza kumfuata mwenzake. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba siku watakapojua, watamnyang'anya ufunguo. Na Mzee Gia bila ufunguo ni nani? Ni mzee wa kukalishwa kivulini na kuletewa uji.

Mvua zilikuwa zimekaribia, na shamba lilikuwa bado halijalimwa. Shamba hilo ndilo lililowalisha yeye, bintiye na wajukuu. Kabla ya kulima, Mzee Gia alitaka kubadilisha oili ya haidroliki. Hiyo ndiyo oili inayosukumwa na pampu ili mikono ya nyuma ya trekta iinue plau. Alimtuma bintiye sokoni makusudi, asije akamwona anavyopapasa. Humo bandani akamwaga oili ya zamani kwenye ndoo. Akafungua filta kuukuu, akafunga mpya. Akajaza oili mpya. Akawasha injini, akavuta wenzo.

Plau haikuinuka.

Pampu ikaanza kulia. Mzee Gia akaongeza mwendo wa injini, akidhani pampu itapata nguvu. Ikalia zaidi. Mikono ilishtuka kidogo, ikatetemeka, ikalala tena.

Bintiye aliporudi aliweka kikapu chini. "Mbona linalia hivyo, Baba?"

"Linazoea oili mpya."

Lakini halikuzoea. Kesho yake mvua ya kwanza ilinyesha, na majirani wakaingia mashambani. Mzee Gia alijaribu tena asubuhi nzima. Bintiye alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga.

"Baba, oili hii ilikuwa na rangi gani ulipoitia?"

"Ya kawaida. Safi."

"Sasa ni nyeupe. Ina povu kama maziwa. Huoni?"

Mzee Gia alikisogelea kijiti. Aliona kitu kirefu chenye weusi. "Naona," alisema.

Alisogea kwenye kona ya banda, akaketi juu ya gurudumu bovu. Moyo ulimvunjika kabisa. Alijua ameliua trekta kwa mikono yake, ila hakujua ameliua vipi. Bintiye alimfuata.

"Tusipolima sasa, wanangu watakula nini?"

"Liuze. Wapo wanaonunua vyuma chakavu."

"Na shamba nililime kwa jembe la mkono, peke yangu?"

Bintiye alifunga kitenge chake vizuri, akatoka kwenda kumwita jirani.

Jirani huyo alikuwa mwanamke aliyetengeneza pampu na matrekta. Kwa sauti yake walimpa jina la Fundi Kelele, naye hakulikataa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Trekta lako linalia mpaka kwangu. Nikadhani kuna mtu anang'olewa jino." Akamgeukia binti aliyekuwa akitaka kuliwasha ili asikie. "Hapana, liache. Pampu ikilia hivyo inaomba msaada. Ukiendelea kuilazimisha, inajila yenyewe."

Mzee Gia alikumbuka asubuhi nzima aliyoilazimisha.

Fundi alihakikisha plau imekaa chini kabisa. "Usifungue kitu cha haidroliki mzigo ukiwa juu," alimwambia binti. "Mzigo ukishuka ghafla, hutapata nafasi ya kujuta." Kisha akachota oili kidogo kwenye glasi ya kioo, akaiweka kwenye dirisha la banda. "Oili ikiwa nyeupe, ama imeingiwa na maji, ama imeingiwa na hewa. Tusibahatishe. Tuiache itulie, yenyewe itasema."

Walisubiri. Baada ya muda binti aliinama. "Inakuwa safi. Imeanza chini. Povu linapanda juu."

"Basi ni hewa. Ingekuwa maji, ingebaki na weupe wake, na tungeimwaga yote. Unaona, Mzee?"

"Naona," alisema Mzee Gia. Aliona mwanga wa dirisha tu.

"Sasa, hewa imeingilia wapi? Tuanze na jambo rahisi. Ulipojaza oili, uliwasha, ukazima, ukapima tena?"

"Nilijaza, basi."

"Filta mpya inakunywa oili. Mabomba nayo yanakunywa. Ukishajaza, washa polepole, jaribu mikono, zima, kisha pima upya. Oili ikiwa chini, pampu inafyonza hewa."

Walipopima, kweli ilikuwa imepungua. Wakaongeza. Binti akawasha polepole, akavuta wenzo. Mikono ilipanda kidogo, na moyo wa Mzee Gia ukapanda nayo. Kisha pampu ikalia vilevile, na mikono ikalala. Binti akazima bila kuambiwa. Akaegemea gurudumu, akalia.

"Usilie, mdogo wangu, hatujamaliza," alisema Fundi. "Tufungue filta."

"Lakini filta haivuji," alisema binti. "Nimepangusa chini yake, ni pakavu."

"Ndiyo maana inawapiga chenga wengi. Upande huu pampu haisukumi, inafyonza. Penye upenyo oili haitoki. Hewa ndiyo inayoingia."

Aliweka ndoo chini, akafungua filta. Kwenye ukingo wake ulikuwepo mpira mmoja wa duara, mpya. Fundi akachungulia pale ilipokuwa imekaa, akachokonoa kwa kidole. Ukatoka mpira mwingine, mweusi, uliokakamaa.

"Huu ni wa filta ya zamani. Ulibaki umeganda. Mpira ukikaa juu ya mpira, haubani sawasawa. Mzee, ulipatazama hapa kabla ya kufunga?"

"Nilipatazama."

"Haukuonekana?"

Binti alikuwa akimtazama baba yake. Mzee Gia aliyasikia macho yake hata kama hakuyaona. Angeweza kusema bandani kuna giza. Alifungua kinywa aseme hivyo, akashindwa.

"Sioni, mwanangu," alisema. "Siku nyingi sioni."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Fundi alisafisha mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kwa mara ya kwanza bila kelele.

"Hata wenye macho mazima wanaukosa mpira huu," alisema. "Mimi siamini macho. Lete kidole, Mzee. Zungusha ukucha hapa."

Mzee Gia alizungusha. "Chuma kitupu," alisema.

"Basi ni safi. Binti, paka oili kwenye mpira mpya. Funga kwa mkono mpaka ushike, kisha uongeze kidogo. Usitumie nguvu za bure."

Binti alifunga, akaongeza oili, akawasha polepole. Akavuta wenzo. Pampu ilikoroma, ikaguna, kisha ikatulia. Alishusha mikono, akapandisha, akashusha, mpaka hewa ikaisha. Akazima, akapima, akaongeza kidogo. Povu lilikuwa linapotea.

Alipowasha tena na kuvuta wenzo, Mzee Gia alisimama kando akisubiri.

"Imeinuka?" aliuliza.

Plau ilikuwa juu, mbele ya uso wake.

"Imeinuka, Baba," alisema binti.

Ukweli ulimwingia Mzee Gia wote kwa pamoja, akaona hana haja ya kushindana nao. Siku zote ufunguo aliushika mwenyewe. Leo aliuacha palepale ulipo, akarudi nyuma hatua chache. Alitumaini bintiye atasema, "Hapana, Baba, panda wewe." Binti hakusema hivyo. Alikaa vizuri kitini, akaingiza gia, akaelekea shambani.

Shamba lililimwa lote kabla mvua kubwa hazijaanza. Pampu haikulia tena. Kila jioni binti alipima oili, akaikuta safi, akamweleza baba yake rangi yake bila kuulizwa.

Siku walipomaliza kupanda, alikuja kuketi karibu naye, mikono bado ina udongo.

"Kesho tunakwenda hospitali ya macho, mimi na wewe. Fundi anasema ukungu mwingine unatibika, mwingine hautibiki. Twende tujue."

"Kesho? Na shamba?"

"Shamba limekwisha, Baba."

Mzee Gia alitafuta kisingizio kingine, akakosa.