Klachi ya Gaspar

Gaspar na mkewe Eufrazia walikuwa wakulima wa mpunga katika kijiji cha Usevya. Mwaka 1975 Eufrazia alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wao wa kwanza alifariki siku ya kuzaliwa, kwa sababu Gaspar alimfuata mkunga katika kijiji cha Mamba kwa miguu na wakachelewa. Mara hii alikuwa na pikipiki.

Lakini pikipiki ilikuwa imeharibika. Injini ilinguruma, gurudumu likakosa nguvu. Ndani ya klachi zimo sahani za duara zinazobanana. Zikibanana vema, nguvu ya injini hufika kwenye gurudumu. Sahani za Gaspar zilikuwa zimelika, zikawa nyembamba.

Sahani za kiwanda kilichotengeneza pikipiki hiyo hazikupatikana mjini Mpanda. Mwenye duka la vipuri huko alimpelekea kwa basi pakiti mbili za viwanda vingine, zenye unene tofauti, achague moja.

Pale Usevya, mpini wa jembe ukivunjika, mpya huchongwa kwa kipimo cha ule wa zamani. Gaspar alifanya vivyo hivyo. Alizipanga sahani zake za zamani kando ya zile mpya.

"Nimepata!" alisema. "Hizi nyembamba zinalingana kabisa."

Mara Eufrazia alishika nguzo ya mlango. "Gaspar, uchungu umeanza."

Gaspar alizikusanya zile nyembamba. Aliinama kuzifunga upesi.

"Shemeji, weka chini hizo," alisema Salvatori, kaka yake Eufrazia. Alikuwa mwalimu wa ufundi, amekuja likizo.

"Huu si wakati wa darasa! Dada yako anaumwa!"

"Ndiyo maana nasema weka chini. Au unataka kuisukuma njiani kama toroli? Umezilinganisha na nini?"

"Na za zamani."

"Za zamani zina ubovu gani?"

"Zimelika."

"Basi umechagua mpya zenye ubovu uleule. Tazama."

Pikipiki ilikuwa imelazwa ubavu ili oili isimwagike. Salvatori alizipanga zile nyembamba, akaweka kifuniko chake na springi, akakaza.

"Zisukume kwa kidole."

Sahani zilicheza.

"Kifuniko kimegota chuma cha katikati kabla ya kuzibana," alieleza Salvatori. "Sasa tujaribu hizi nene."

Meno ya sahani nene yaliingia sawasawa katika nafasi zake. Kifuniko hakikugota. Gaspar alisukuma kwa kidole, hazikutikisika.

"Funga, niende!"

"Bado. Zikianza kazi zikiwa kavu, zitaungua. Zitoe, uziloweke katika oili ya injini."

Gaspar aliziloweka. Eufrazia akalia kwa uchungu mle ndani. Gaspar alitaka kuziopoa.

"Ziache!" mkewe alimkemea kutoka ndani. "Ukikwama porini, nani atanizalisha? Msikilize kaka!"

Gaspar alirudisha mkono, akangoja. Wakati huo Salvatori alizifuta sahani za chuma zinazokaa katikati ya zile nene, akazilaza moja moja juu ya kioo. Hakuna iliyopinda. Kisha walizipanga zote, wakakaza bolti kidogo kidogo, moja kisha ya mkabala wake. Mwisho Salvatori alirekebisha waya wa klachi.

"Mkono wa klachi uache ulegee kidogo kabla ya kuvuta. Nenda sasa. Usiishikilie klachi nusu nusu kwenye mchanga."

Gaspar aliondoka. Korongoni mchanga ulikuwa mzito. Aliongeza mafuta. Gurudumu lilivuta, likatoka.

Jua lilipofika utosini, mkunga Kasilda alishuka kwenye pikipiki akiwa mweupe kwa vumbi.

"Maji ya moto!" aliagiza, akaingia.

Nje, Gaspar alizunguka uani, Salvatori akaketi ukutani. Muda ulipita. Ndipo kilio cha mtoto kikasikika.

Kasilda alitoka akijifuta jasho. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni. Nimekiondoa. Mngechelewa, mngekuwa mnachimba kaburi jingine. Ni msichana."

Gaspar aliketi chini palepale, akalia. Salvatori alinyanyuka kwenda kumwona mtoto.

"We mjomba!" Kasilda alimzuia mlangoni. "Na mikono hiyo ya oili? Kanawe kwa sabuni kwanza."