Nani Yumo Tumboni mwa Perege?

Nakijwa alikaa milimani, huko Upare. Nyuma ya nyumba yao palipita mfereji. Churururu, churururu, maji yalishuka mchana kutwa.

Mwaka mmoja Baba alichimba bwawa dogo pembeni ya mfereji. Akaleta perege wachanga kwenye ndoo, akawamimina bwawani. Chubwi! Chubwi! Chubwi!

"Nakijwa," Baba alisema, "kuwalisha hawa ni kazi yako."

"Wote?"

"Wote."

Nakijwa aliruka kwa furaha.

Kila asubuhi alirusha pumba. Perege walikuja mbio. Mmoja alikuwa na doa jeupe mkiani. Nakijwa alimwita Doa.

Asubuhi moja Nakijwa alirusha pumba, lakini perege hawakuja. Walikuwa juu ya maji, midomo wazi. Pwa... pwa... pwa... Doa alikuwa amelala ubavu.

"Baba! Njoo uone! Perege wangu wanaumwa!"

Baba alichuchumaa. Akachota maji kwa kiganja, akayanusa. "Mmh. Haya maji yana sabuni. Tena yana mafuta."

Kule juu mlimani, vijana walikuwa wakiosha pikipiki zao mferejini. Povu lilishuka. Mafuta yalishuka. Yote yaliingia bwawani.

"Tuwape maji mengine, Baba."

"Mvua bado, mwanangu. Maji tuliyonayo ni haya haya."

Kesho yake perege mmoja alikufa. Nakijwa alimfukia chini ya mgomba. Siku hiyo uji wake ulipoa kwenye kikombe.

Baba alivaa kofia yake. "Nakwenda kuongea na wale vijana," alisema, akapanda mlima.

Nakijwa alikaa peke yake kando ya mfereji. Alitazama povu likipita. Alitazama mafuta yakipita.

Chwa!

Kitu kilirusha maji. Nakijwa akainama aone vizuri. Walikuwa perege! Perege wa mferejini, wanene, wepesi. Walikuwa wanakimbizana ndani ya povu.

"Ninyi hamuumwi?" Nakijwa aliuliza.

Chwa! Chwa! Hawakuwa na habari.

Mchana Shangazi Namsifu alifika kwa likizo, sanduku mkononi. Shangazi ni dada yake Baba. Anafundisha mambo ya samaki chuoni.

"Shikamoo, Shangazi!"

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Nakijwa alimshika mkono, akamvuta mpaka bwawani. Kisha akamvuta mpaka mferejini.

"Shangazi, wale wanaumwa. Hawa hawaumwi. Na maji ni yale yale. Kwa nini?"

Shangazi aliangalia bwawa. Akaangalia mfereji. Akamwangalia Nakijwa.

"Umeliona hilo mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Basi umeona jambo kubwa," Shangazi alisema. "Perege wa mferejini wameishi humu miaka mingi, wao na wazazi wao. Nafikiri wana wasaidizi."

"Wako wapi?"

"Tumboni."

Nakijwa alishangaa. "Nani yumo tumboni mwa perege?"

"Lete ndoo na chujio, tukawatafute."

Walivua perege wawili wa mferejini kwa chujio. Wakawatia kwenye ndoo. Wakakaa.

"Tunasubiri nini, Shangazi?"

"Tunasubiri waende chooni."

Nakijwa aliziba mdomo. Hihihi! "Tunasubiri choo cha samaki?"

"Ndiyo. Na tusubiri kwa adabu."

Walisubiri, wakasubiri. Mwishowe, chini ya ndoo, pakawa na kitu chembamba kama uzi mweusi.

"Hongereni sana," Shangazi aliwaambia perege.

Alitoa hadubini yake kwenye sanduku. Hadubini hukuza vitu, hata kitu kidogo kabisa kikaonekana. Akaweka tone moja la yale maji ya chini.

"Fumba jicho moja. Chungulia."

Nakijwa alichungulia. Lo! Tone lilikuwa limejaa viumbe wadogo! Wengine walikuwa mviringo. Wengine walikuwa kama punje za mchele. Walikwenda huku, walikwenda kule, hawatulii.

"Wanacheza!"

"Wanaitwa bakteria," Shangazi alisema. "Wanaishi tumboni mwa perege. Perege akimeza maji machafu, wao wanaivunjavunja ile sumu. Wanaivunja mpaka inakosa nguvu."

"Hawa wadogo hivi?"

"Hawa wadogo hivi."

Shangazi alipiga makofi taratibu, akaimba:

*Wadogo, wadogo, hawaonekani,*
*kazi yao kubwa, kazi ya tumboni!*

Nakijwa akawaza kidogo. "Lakini Mwalimu alisema vijidudu wanaleta magonjwa."

"Wapo wanaoleta. Ndiyo maana tutanawa mikono kwa sabuni. Na wapo wanaosaidia."

"Perege wangu wanao wa kuwasaidia?"

"Wanao wengine. Lakini wamezaliwa kwenye maji safi. Wa namna hii hawana."

Nakijwa alisimama. "Basi tuwagawie, Shangazi! Tuwagawie kidogo!"

Shangazi alitabasamu. "Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo. Sijui kama itafaa. Tujaribu."

Walichukua pumba. Wakachanganya na yale maji ya chini ya ndoo. Koroga, koroga, koroga. Nakijwa akarusha bwawani.

Perege mmoja alikula. Mwingine akala. Doa hakula.

Nakijwa alifinyanga kidonge kidogo sana. Akakishusha mbele ya mdomo wa Doa. "Kula, Doa. Kidogo tu."

Pwa... pwa... Kidonge kikaingia.

Walinawa mikono. Wakawarudisha perege wawili mferejini. Chubwi! Chubwi!

Jioni Baba alirudi, viatu vyake vimejaa vumbi. "Vijana wamekubali," alisema. "Hawakujua maji yao yanafika huku. Kesho nakwenda kuwasaidia kuchimba shimo, mbali na mfereji. Wataoshea pikipiki huko."

Nakijwa alimgeukia Shangazi. "Basi wale wadogo hawana kazi tena?"

"Wanayo. Uchafu wa jana bado umo kwenye matope. Lakini sasa tumewapunguzia mzigo. Mzigo ukizidi, hata wao wanashindwa."

Kesho yake walichanganya pumba tena. Koroga, koroga, koroga. Perege walikuwa bado wamepoa.

"Mbona hawaponi?"

"Wadogo wanataka muda," Shangazi alisema. "Kwanza wanazoea nyumba mpya. Kisha wanazaana. Wakishakuwa wengi, kazi inaanza."

Nakijwa aliinama juu ya maji. Akawaimbia hukohuko waliko:

*Wadogo, wadogo, hawaonekani,*
*kazi yao kubwa, kazi ya tumboni!*

Waliendelea kuwalisha hivyo, asubuhi na jioni. Na kila siku povu la mferejini lilipungua.

Kisha ikaja asubuhi moja yenye ukungu. Nakijwa alikwenda bwawani na pumba mkononi. Maji yalikuwa kimya. Akarusha.

Chwa!

Akarusha tena.

Chwa! Chwa! Chwa!

Walikuja! Walikuja mbio, wanasukumana, wanagombania pumba! Nakijwa aliangalia mikia yote. Doa yuko wapi? Doa yuko wapi?

Akamwona. Alikuwa nyuma ya wote, anaogelea upandeupande. Alikwenda polepole. Lakini alifika, akafungua mdomo, akala.

"Shangazi! Baba! Mama! Doa anakula!"

Wote walikuja mbio. Mama alikuja na mwiko mkononi. Walisimama kando ya bwawa wakiangalia samaki wadogo wanavyokula. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wale wadogo," alisema taratibu. "Jamani, wale wadogo!"

Usiku huo walikula makande. Nakijwa alikula sahani nzima, akaongezwa. Kisha Shangazi akampeleka kulala, akamfunika shuka.

Gruuu, likalia tumbo la Nakijwa.

"Shangazi?"

"Naam."

"Na mimi ninao tumboni?"

"Unao. Ni wengi kuliko watu wote wa Upare."

Nakijwa alifumbua macho makubwa. "Wanafanya nini?"

"Sasa hivi? Wanashughulikia yale makande."

"Hawalali?"

"Hawalali."

Gruuu.

Nakijwa aliweka mkono wake juu ya tumbo, polepole, asiwasumbue.

"Poleni na kazi," alinong'ona.

Akageukia ukutani, akalala.