Mmiliki wa Sauti ya Zarina

Kompyuta ilimwomba neno la siri, Fidahussein akaandika, na kwenye kioo hakikuonekana kitu. Hata zile nukta ndogo za kuficha herufi hazikutokea. Akaandika tena, safari hii akizigonga herufi kwa nguvu, kana kwamba mashine ilikuwa kiziwi. Kimya. Alikuwa na miaka ishirini na sita mbele ya kompyuta, nusu ya wenye maduka wa Tanga mjini walimletea zao zilizokufa azifufue, na leo hakuweza kujua kama kibodi yake mwenyewe inafanya kazi.

Baadaye alisoma kwenye simu kwamba Linux, mfumo mpya aliouweka badala ya Windows, ndivyo ilivyo. Unaandika neno la siri bila kuona kitu, lakini linasomwa. Akakubali. Kama tunatafuta kosa lake la kwanza, basi ni hilo, kwa sababu tangu siku ile kila ajabu aliisingizia Linux.

Hakuiendea kwa mapenzi. Windows mpya ilikuwa imeikataa mashine yake kwa uzee, na ile ya zamani ilikwisha kuacha kuletewa kinga. Kununua nyingine hakutaka, kwani kwenye hii Zarina alikuwa bado anaongea.

Duka lao lilikuwa la kadi za harusi na vitabu vya hitima. Wateja walileta orodha za waalikwa zimeandikwa kwa mkono, nyingine nyuma ya karatasi za dawa, na Fidahussein macho yake hayakuziweza. Kwa hiyo mkewe alikuwa akizichukua nyumbani, anazisoma polepole huku sufuria iko jikoni, anajirekodi, na yeye dukani anasikiliza na kuandika. Kila baada ya majina matano Zarina aliuliza, "Umefika?" akanyamaza kidogo, kisha akaendelea. Miaka kumi na moja walifanya kazi hivyo. Kisha presha ikamwondoa Zarina, asubuhi moja, kabla ya chai. Fidahussein hakulia. Watu wakamsifu kwa subira, na yeye hakuwa na subira yoyote. Alikuwa hasikii kitu. Miezi minane alikula, akalala, akafungua duka, kama mtu anayemfanyia kazi mtu mwingine.

Linux nayo ilimkuta hivyohivyo. Alitafuta diski ya C, hakuna C. Programu aliyochorea kadi tangu ujana haikukubali kuingia. Printa ilikaa inamtazama. Herufi zake za mapambo zilipotea zote, na kadi ya kwanza ilitoka jina la bibi harusi limevunjika vipande viwili. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwake akakuta milango imehamishwa. Mwingine angelitukana. Yeye alisoma maelezo kwenye simu, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena.

Rekodi za Zarina alikuwa amezihifadhi kwenye diski ya nje, maana ufundi wake haukuwa wa kubahatisha. Alipozirudisha, folda ilikuja na alama ya kufuli. *Huna ruhusa*. Akatazama mmiliki ni nani. Mahali pa jina palikuwa peupe.

Akatafuta amri ya kuchukua umiliki, akaiandika kwenye dirisha jeusi, ile amri inayofanya kazi kwa mamlaka yote. Mashine ikamuuliza kwa Kiswahili: *Kila kitu? Ndiyo au Hapana*.

Yale maelezo ya kwenye simu hayakutaja swali lolote. Lakini mtu aliyezoea Windows miaka ishirini na sita amekwisha kubonyeza "Endelea" na "Nakubali" mara elfu bila kusoma anakubali nini. Fidahussein akaandika ndiyo. Akaandika neno la siri, lisionekane. Kufuli likatoweka.

Ilikuwa jua la utosi, saa ambayo wenye maduka hufunga wakaenda kula. Alifunga mlango nusu, akafungua folda, akaona faili moja lililozidi. Lilikuwa na tarehe ya siku ileile. Linux imeharibu tarehe, akajisemea, akalifungua.

"Bwana na Bibi Asaad Harub," ikasoma sauti ya Zarina, "pamoja na familia."

Akaandika. Akaandika majina matatu, manne, na mikono ikapoa juu ya kibodi, kwa sababu orodha ile aliijua. Aliletewa jana na Bi Turkiya, anayemwoza mwanawe mwezi ujao, ilikuwa imekunjwa ndani ya droo chini ya mkono wake, na hakuna mtu aliyekuwa ameikunjua.

"Umefika?" ikauliza sauti.

Ikanyamaza. Alingoja iendelee kama ilivyokuwa ikiendelea siku zote, na haikuendelea, ingawa alama ya kucheza ilikuwa ikisogea, na kwenye spika alisikia pumzi, ikiingia na kutoka, na feni ya kompyuta ikazidi mbio, na dukani pakaja harufu ya mafuta ya nazi na asumini, mafuta ya nywele ya Zarina, ambayo alikuwa amekwisha kuyagawa na nguo zake, na chini ya harufu ile palikuwa na nyingine, ya maji ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

"Nimefika," akanong'ona Fidahussein.

"Bwana Ghadir Suleimani," sauti ikaendelea, "na mama yake."

Tangu siku hiyo alifunga duka kila adhuhuri. Hakuwa na woga, na hilo lingefaa kumwogopesha. Alikaa, akasikiliza, akaitika.

Aliyeogopa alikuwa Rabab, binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea. Alikuja na hotpoti la chakula mchana mmoja, na kabla hajaingia mlangoni akasikia sauti ya mama yake, na kwa nusu dakika akasahau kwamba mama yake yuko kaburini. Kisha akamsikia baba yake akijibu.

"Baba," akasema polepole alipoingia, "unaongea na nani?"

"Ni rekodi."

"Rekodi haingoji mtu ajibu."

"Hii ni Linux," akasema Fidahussein. "Ina mambo yake."

Sauti ikakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa Zarina moshi wa jiko ukimjia usoni. Rabab akaliweka hotpoti chini, akamshika baba yake begani, na bega lilikuwa la baridi kama mtungi.

Siku ya tatu akamleta Shekhe Mudathir kutoka Tongoni, mtu mwembamba aliyeshuka kwenye bodaboda na mkoba wa vitabu na chetezo.

"Shikamoo, Shekhe," wakamwamkia.

"Marahaba. Mgonjwa nani?"

Fidahussein akaonyesha kompyuta. Mudathir akaitazama, akamtazama Rabab, akaitazama tena.

"Mie nimepunga watu pepo, nimepunga nyumba, nimepunga hata gari la mkaa," akasema. "Haya. Huyu aliyemo, ulimpa ruhusa?"

"Nilimpa."

"Ya nini?"

"Ya kila kitu."

"Kwa mkono wako weye?"

"Kwa mkono wangu."

Mudathir akafungua mkoba. Akafukiza ubani, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, na kombe likawa tayari. Hapo akakwama, sahani mkononi.

"Kombe hunywewa," akasema. "Na hili dude halina kinywa. Bwana Fidahussein, weye mwilini unasikiaje?"

"Sisikii kitu."

"Kichwa?"

"Kizima."

"Usingizi?"

"Nalala."

"Na roho?"

Fidahussein alifikiri, akajibu ukweli wake wote. "Sisikii kitu, Shekhe."

"Basi alhamdulillahi, ntu ni mzima," akasema Mudathir, akachovya vidole kwenye kombe, akapaka pembe nne za kioo, na lililobaki akalimwaga kizingitini. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Na mimi ninayesimulia nawakasirikia wote watatu, lakini nani kati yetu angelijua kuuliza kama asiyesikia kitu ni mzima au ni mtupu?

"Mie nasoma," Mudathir akaamuru kwa sauti ya chini. "Weye uliyempa ndiye utakayempokonya. Futa zote."

"Zote?" Rabab akaanza kulia. "Baba, tubakize moja. Ile ya harusi ya shangazi tu, ile anayocheka. Moja tu, Shekhe, nakuomba."

"Ukibakiza moja umebakiza mlango, mwanangu."

Fidahussein akaichomeka na diski ya nje, akaandika amri. Mudathir alisoma, ubani ukajaa duka, na kwenye spika, bila mtu kufungua faili, ile sauti ikaanza kusoma majina, kwa upole, bila haraka, ya watu wa Moa na wa Mwera na wa mitaa ambayo hawakuijua, walio hai na waliokwisha kuzikwa, pamoja na familia, pamoja na familia, na Rabab akaziba masikio huku akijilaumu kwamba anaziba sauti ya mama yake kwa mara ya mwisho, na Mudathir jasho likamtiririka mpaka kwenye kurasa, na mashine ikaomba neno la siri, na Fidahussein akaliandika kwa vidole visivyotetemeka hata kidogo, akabonyeza.

Sauti ikakatika katikati ya jina.

Harufu ikaondoka. Feni ikapoa. Diski ya nje ilikuwa tupu, na folda pia. Mudathir aliifungua mara mbili kwa mkono wake, kwa kuelekezwa, akaondoka ameridhika. Fidahussein alikula chakula chake chote siku ile.

Wiki mbili zikapita vizuri. Printa ikakubali kuongea na Linux, herufi za mapambo zikapatikana, na kadi za Bi Turkiya zikatoka safi. Shule zilipofungwa Rabab akaja kumsaidia baba yake kusoma orodha na kuziandika. Asubuhi moja ililetwa orodha ya harusi ya Pangani, maandishi makubwa, hata Fidahussein aliyaweza. Akakaa kwenye benchi nyuma ya binti yake, akasoma jina la kwanza kwa sauti yake nzito, na la pili, na la tatu.

"Bwana na Bibi Innocent Shemdoe," likaja la nne, "pamoja na familia."

Vidole vya Rabab viliandika kabla ya akili kusikia. Kisha vikasimama. Ile ilikuwa sauti ya mama yake, na ile pumzi ndogo aliyokuwa akiivuta kabla ya kusema "pamoja". Hakugeuka. Aliona kwenye weusi wa kioo mdomo wa baba yake ukifunguka na kufumba, na jina la tano likatoka, na uso wa baba yake, uliokuwa mkavu tangu siku ya mazishi, ulikuwa umelowa machozi na unatabasamu, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akienda siku nyingi.

Rabab akachukua simu. Akaitafuta namba ya Mudathir, akaiona, akaweka kidole juu yake. Harufu ya asumini ilikuwa imekwisha kuingia. Nyuma yake sauti ilikuwa imenyamaza, ikimngoja bila haraka, kama mama alivyokuwa akimngojea mezani utotoni amalize kuandika jina lake.

Akaizima simu, akailaza kifudifudi kando ya kibodi.

"Mama," akasema, chini kabisa, "hilo la mwisho limenipita. Rudia."